Sifa za Tangawizi Yangu Kwenye Duka la Watu

Wazee wangu, shikamooni. Nyie wengine hamjambo? Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Haya. Mama mwenyekiti ameniomba nishuhudie kwa upole na nisitaje jina la mtu. Jina sitataja. Hilo la upole tutaona huko mbele.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi ni mtoto wa manamba. Baba yangu aliletwa kutoka kusini, mbali, kuja kukata mkonge hapa tambarare, na mimi nilizaliwa kambini. Soko huria lilipoingia, shamba likauzwa, aliyelinunua akazima mitambo, baba akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi, jamani, na meno yote yamemng'okea hapa hapa? Mama akaanza kukaanga vitumbua kando ya barabara Hedaru, na sisi watoto tukawa tunakimbia na sinia kufuata mabasi. Siku nyingine tulilala na chai ya rangi tu. Siyasemi haya ili mnionee huruma. Nataka mjue biashara nimeianza lini.

Nikaolewa juu milimani, kwenye tangawizi. Wakwe zangu hao hapo mstari wa pili, wanacheka, maana wanajua kinachokuja. Nilipofika kule nilikuta kitu kimoja kikanichefua. Tunalima, tunachimba, tunateremsha magunia hadi Bendera kule chini, na dalali wa lori amekaa kwenye kiti chake anatutajia bei anayoitaka yeye. Ukikataa anakwambia, "Sawa mama, pandisha nayo mlimani." Nani apandishe gunia mlima ule? Unamwachia, unarudi nyumbani umenuna.

Mimi nikasema yangu hatapata. Nikaiosha, nikaikwangua, nikaikata vipande, nikaianika, nikaisaga, nikaifunga kwenye pakiti, nikashuka nayo Hedaru kwenye mabasi nilikoanzia na vitumbua. Abiria wakanunua. Tatizo likawa lile swali lao dirishani, basi limeshaanza kusogea: "Dada, ikiisha nitakupata wapi?" Ndipo nikamtafuta fundi wa tovuti hapa Same mjini, akanifungulia duka la mtandaoni. Mtu akiwa popote anaingia kwa simu yake, anaagiza, namtumia mzigo kwa basi.

Sasa tulieni, habari yenyewe iko hapa. Kwenye duka lile, chini ya picha ya bidhaa, kuna sehemu ya mteja kuandika maoni. Kwa hilo nilikuwa msumbufu, nakiri. Ukinunua kwangu nakupigia: "Umeionja? Haya, andika ulichokiona, kizuri au kibaya." Watu wakaandika! Kuna mama wa Dodoma aliandika kwamba mumewe siku hizi anawahi kurudi kunywa chai nyumbani, na hajui amshukuru Mungu au aishukuru tangawizi. Kuna mwalimu mstaafu wa Shighatini, yeye aliandika: "Nimekunywa kikombe kimoja. Nimetoka jasho mpaka nyuma ya masikio. Mke wangu amenicheka. Naagiza tena." Mimi sina kipaji cha kubuni maneno ya namna hiyo. Ni ya watu waliokunywa, na ndiyo yaliyokuwa yananiuzia. Mtu akitafuta tangawizi ya Upare kwenye simu, duka langu lilikuwa linatokea juu kabisa.

Na wakubwa wakaona. Nikapigiwa na duka moja kubwa la mtandaoni, la mjini, jina nimekatazwa. Meneja ana sauti laini kama mafuta ya nazi. Wanataka kuuza tangawizi yangu kwao. Nikawapa. Wakaomba na yale maoni ya wateja wayabandike pale kwao, ili watu waone bidhaa inasifiwa. Mimi nikaona nimepata bahati gani! Sisi huku mtu akikusifia mtoto wako, unataka kijiji kizima kisikie. Nikasema chukueni yote, msibakishe hata nukta.

Wakachukua. Mwanzoni raha tupu. Halafu simu yangu ikaanza kunyamaza. Leo oda hamna, kesho hamna. Nikashika simu nikatafuta tangawizi ya Upare kama mteja. Lile duka kubwa hilo hapo juu, na jasho la mwalimu wangu limekaa pale limetulia. La kwangu? Nateremsha, nateremsha, silioni. Nikadhani simu ina kutu.

Ngojeni, hamjasikia. Meneja yule akaacha kuchukua tangawizi yangu. Akapata ya mtu mwingine, ya rahisi, sijui imetoka wapi, akaiweka pale pale ilipokuwa yangu, na maoni ya wateja wangu akayaacha chini yake. Mama wa Dodoma anasifia unga ambao hajawahi kuutia mdomoni! Na mimi mwenye kitu changu, siku moja napigiwa na mteja mpya, mwanamke, anaanza bila hata salamu: "Wewe mama, huoni aibu? Haya maneno umeyaiba kwenye duka la watu."

Mwizi. Mimi. Nilikaa kwenye gunia nikalia, na mimi si mtu wa kulia, muulizeni mume wangu. Niliumia kuliko siku tuliyofukuzwa kambini, kwa sababu kambi haikuwa yetu, lakini haya yalikuwa yangu.

Dada pale nyuma unarekodi, nimekuona. Rekodi tu. Lakini ukituma kwa watu, sema umeitoa kwa nani, tusianze upya.

Nikawaeleza wanawake wenzangu wa kikundi. Mnatujua tulivyo. Huku kwetu kazi ikimshinda mtu mmoja, pembe inalia, tunatoka wote kwenye msaragambo. Barabara ikibomoka, msaragambo. Mfereji wa maji ukiziba, msaragambo, kila mtu na jembe lake. Basi wakasema, "Usilie. Hili nalo ni la msaragambo." Tukakaa barazani kwangu, kila mmoja na simu yake, tukakopi yale maoni ya dukani kwangu na kuyapesti kila mahali panapopestika. Kwenye kurasa zetu, kwenye makundi ya kwaya, kwenye matangazo ya bure, hadi kwenye ukurasa wa mtu aliyekuwa anauza bodaboda. Wifi yangu mmoja alifungua hadi tovuti mpya, akaijaza maneno hayo hayo. Tuliimba huku tunapesti. Tukaamini mikono ikiwa mingi duka litapanda juu.

Mnacheka nini? Na nyie mngefanya hivyo hivyo!

Likazidi kuzama. Nikashuka Same kwa fundi, nimevimba. Akaniuliza, "Mama, haya maneno mmeyabandika wapi?" Nikamwambia kwa fahari, "Kila mahali." Akashika kichwa.

Akanieleza taratibu. Mashine ya kutafuta ikikuta maneno yale yale sehemu nyingi, haimwonyeshi mtu zote. Inachagua ukurasa mmoja inaouamini, nyingine inaziweka kando. Na mara nyingi inauamini wa duka lenye watu wengi na lililotajwa na wengi, si wa yule aliyekuwa nayo kwanza.

"Kwa hiyo imeniadhibu?" nikamuuliza.

"Haijakuadhibu mama. Imekuruka tu."

"Bora ingeniadhibu," nikamwambia, "ningejua nimegombana na nani."

Akasema pia kwamba tulipoyasambaza hovyo vile, sasa hata mtu wa kawaida akiyaona anadhani ni matangazo ya kitapeli. Dawa ni kuyafuta tuliyoyabandika, kisha lile duka kubwa liyatoe ya kwao, au liache mstari mmoja miwili na kuweka njia ya kumleta msomaji dukani kwangu. Nikampigia meneja hapo hapo. Akanijibu kwa ile sauti yake: "Mama, maoni si mali yako. Ni ya wateja. Wewe huwezi kuyadai."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Tangawizi imejaa stoo, nyingine inaanza kufanya ukungu. Wakwe wakaniambia kwa upendo kabisa, tushushe tu Bendera, tumpe dalali, maisha yaendelee. Tukashusha magunia ya kwanza. Dalali aliponiona alisimama kwenye kile kiti chake, akanipokea kwa mikono miwili: "Karibu nyumbani, mama mtandao!" Watu wa lori wakacheka. Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Nilijua nikimpa yale magunia, duka ndiyo basi.

Na simu ikaita pale pale, mzigo bado uko chini. Ni yule mwalimu wa Shighatini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Jasho langu limefikaje kule?"

"Wapi, Mwalimu?"

"Kwenye duka la watu! Nimeona jina langu, na maneno yangu, chini ya unga ambao siujui. Mjukuu wa jirani ameununua kwa sababu yangu. Tumeunywa. Ni unga wa muhogo ule! Sasa mtaa mzima unasema mwalimu amezeeka, hajui tena tangawizi!"

Nikamweleza yote, hadi jibu la meneja kwamba maoni si yangu, ni ya wateja. Akasema, "Amesema kweli. Ni ya kwangu. Nipe namba yake."

Ndugu zangu, pale ndipo macho yangu yalipofunguka. Yule meneja alinipa jibu akidhani amenifungia mlango, kumbe amenikabidhi ufunguo! Nikawaambia watu wa lori shusheni mikono. Dalali akauliza, "Vipi tena mama?" Nikamwambia mzigo unapanda mlimani. Akasema nani atapandisha. Nikainama, nikajitwika gunia la kwanza kichwani mbele yake. Shingo iliniuma wiki nzima na sijutii hata kidogo. Shemeji zangu walivyoniona wakaja kubeba mengine, wananilaumu njia nzima, lakini wakabeba.

Sasa tukafanya msaragambo wa kweli. Wanawake wenzangu wakafuta kila walichokipesti, hadi kwa yule wa bodaboda. Mimi nikawapigia wateja wangu mmoja mmoja, nikawaambia maneno yako yamewekwa chini ya kitu ambacho hukukinywa, wewe unaonaje? Mama wa Dodoma alitoa sauti hadi nikaweka simu mbali na sikio. Kila mtu akaandika kule kwa jina lake, kudai maneno yake yatolewe. Mwalimu yeye hakuandika, alipiga, na akataka nisikilize. Meneja akamwambia, "Mzee, haya maoni ni kwa faida ya wanunuzi." Mwalimu akamjibu, "Vizuri. Basi kwa faida ya wanunuzi, niandikie haya: nimekunywa vikombe viwili vya unga wako, sikutoka jasho hata tone, na mke wangu amelia."

Wakayatoa. Yote. Hayakutoka kwa siku moja, na duka langu halikurudi juu kwa siku moja, asiwadanganye mtu. Nilikaa miezi nauza kwa shida, narudi Hedaru kwenye mabasi. Lakini wateja wakaendelea kuandika mapya, kila mmoja la kwake, na waliotaka kukosoa wakakosoa. Mmoja aliandika pakiti yangu inapasuka, nikabadilisha pakiti. Oda zikaanza kuingia tena polepole, na leo tangawizi ya nyumba yetu haiteremki tena kwa dalali.

Niwashukuru. Mwalimu, uko mbali lakini najua utasikia, dada pale nyuma anarekodi. Wateja wangu wote mliokasirika kwa niaba yangu, Mungu awape maisha. Fundi wangu wa tovuti, asante kwa kunieleza bila kunidharau. Wanawake wenzangu, asanteni kwa kupesti, na asanteni zaidi kwa kufuta. Shemeji zangu, asanteni kwa magunia. Na mume wangu, aliyenikanda shingo bila kuuliza swali.

Ninalowaachia ni hili. Ukiwa na kitu kizuri, watu watakuja kukiomba kwa sauti laini. Usiwe mchoyo, lakini uliza kwanza kinakwenda kukaa wapi, chini ya jina la nani, na mtu akikipenda kule ataijuaje njia ya kuja kwako. Na maneno ya mtu aliyekuamini, muulize mwenyewe kabla hujayagawa. Wakikwambia wewe ni mdogo, huna haki, usiinamishe kichwa hata siku moja. Waulize mwenye haki ni nani, halafu nenda kamlete.

Meneja amenipigia juzi. Anataka tangawizi yangu tena, na maoni. Nikamwambia tangawizi atapata. Maoni atapata mistari miwili, ya mteja aliyekubali mwenyewe, na chini yake njia ya kuja dukani kwangu. Siku atakayoweka unga wa mtu mwingine pale, anayatoa kabla jua halijazama. Akavuta pumzi. Akasema, "Mama, siku hizi una masharti."

Nikamwambia, "Ninayo."