Habibo Jama, Msimamizi wa Visima vya Hadado

Tunayemzika leo, Habibo Jama, alizaliwa Griftu mwaka wa 1921, kifungua mimba wa mzee Jama Guleid na mama Shamso. Alisoma dugsi, chuo cha Qur'ani, hapo Griftu.

Mwaka wa 1939 aliolewa na Salat Ogle, msimamizi wa visima vya Hadado, akajifunza kazi kwake. Mvua ikinyesha, mifugo hunywa bwawani, na visima hufunikwa miiba ili maji yajirudishe chini. Bwawa likikauka, miiba huondolewa. Mwaka wa 1964 Salat alitoka kutafuta ngamia waliopotea, hakuonekana tena. Kazi ikabaki kwa Habibo.

Mwaka wa 1966, kwa vita vya serikali na waasi waitwao shifta, tulikusanywa sote kando ya visima, ndani ya uzio wa askari. Aprili bwawa lilijaa, lakini nani angethubutu kutoka? Tukang'ang'ania visima mpaka ndoo zikatoa tope.

Habibo alikuwa mwoga kuliko wengi. Tangu Salat apotee, akisikia lori la askari alijificha. Hata hivyo alimwendea afande, mkubwa wa askari hao.

"Bwawa limejaa na visima vinakufa," alimwambia. "Kiangazi hatutapata tone, wala askari wako."

"Huko nje, mama, nitamjuaje mwema na shifta?"

"Tutakwenda kuteka maji wanawake peke yetu, mchana, na shuka nyeupe. Waambie vijana wako wasipige."

Afande hakuahidi kitu. Alisema tu, "Haya, nendeni kesho."

Asubuhi binti yake Naimo alimshika mkono. "Hooyo, mama yangu, unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Shika kamba ya punda."

Njiani risasi zililia vichakani. Wanawake wakalala kifudifudi. Punda mmoja akaanguka. Aliyepiga hajajulikana hadi leo. Kulipotulia, Habibo aliinuka, akashika njia ya bwawani, na wengine wakamfuata. Waliendelea kwenda hivyo, roho mkononi, mpaka bwawa likakauka. Visima vilikuwa vimepumzika, na kiangazi hiki vinatunywesha sote, askari na raia.

Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu. Barabara ya Wajir ina mabomu, hakuna dereva aliyekubali kumpeleka hospitali. Alifariki alfajiri ya leo, Ijumaa, tarehe 10 Machi 1967.

Ameacha watoto wawili, Naimo na Abdow, na mimi mdogo wake, Yarow.

Makaburi yako nje ya uzio na tumepewa muda mfupi. Basi tumwombee upesi: Mola amsamehe, ampe utulivu ambao sisi bado hatuna.