Sakafu ya Mzee Nahumu

Mimi Devota nauza kahawa kwenye ngazi za ukumbi wa zamani, hapa Makambako, upepo unapokata masikio mchana kweupe. Ukumbi umepigwa alama nyekundu ya X, ubomolewe. Mzee Nahumu alikuwa miongoni mwa waliomwaga zege lake, na ndiye aliyewaandikia watu wa mambo ya kale waje waukague kwanza. Amefiwa na mkewe miaka tisa sasa. Kila asubuhi huingia humo peke yake, halafu ndipo anakuja kunywa kahawa. Hatujawahi kumuuliza anafuata nini. Wiki mbili alikuwa Ipelele kwa binti yake. Leo ameshuka kwenye basi, kaja benchini kwangu moja kwa moja, maana mkaguzi anakuja leo leo.

Profesa, karani mstaafu: Tatizo ni sheria, mzee. Inapenda vitu vizee. Zege la mwaka sabini na mbili bado kijana.

Niru, fundi sakafu: Si tunalipiga moshi linazeeka?

Profesa: Acha ujinga! Tuseme Mjerumani alilala humu.

Mimi: Mwaka sabini na mbili?

Profesa: Alichelewa kuondoka.

Niru: Mwambieni mkaguzi ukumbi huu ndio unaozuia upepo. Wakiubomoa, mabati yote ya Makambako yanaokotwa Mbeya!

Mzee Nahumu alicheka. Siku nyingi sijamwona akicheka.

Niru: Halafu mzee, tuna zawadi yako ndani. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Sisi tumeziba mpaka sakafu!

Mkaguzi akafika, dada mmoja anaitwa Jane, faili kwapani.

— Kamwene, baba.

— Kamwene, binti yangu. Karibu.

Tukaingia wote. Sakafu inang'aa, unajiona uso. Niru alikuwa ameisawazisha yote, akapiga niru juu, ule uji wa saruji wa kung'arishia, kwa saruji tuliyochangishana.

Jane hakusifia. Alifungua barua ya mzee akasoma: "Chini ya nguzo ya tatu kuna kiganja cha marehemu mke wangu, Oktavia. Alibeba kokoto kichwani, akakibonyeza zege likiwa bichi."

Akatazama chini.

— Kiganja kiko wapi?

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Niru: Mimi... niliona ni shimo, mzee. Naweza kuibandua taratibu na patasi.

Jane: Zimeshashikana, kaka. Ukibandua mpya, ya zamani inatoka nayo.

Mzee Nahumu alipiga goti kwenye nguzo ya tatu, akaweka mkono juu ya saruji, akaupeleka huku na huku.

— Mmefanya kazi nzuri, alisema. Laini kabisa.

Kisha akatugeukia, mmoja mmoja.

— Sasa kesho asubuhi nije nimsalimie wapi?

Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alitoka nje. Nikammiminia mzee kahawa. Ikapoa mkononi mwake.