Mwaka Uwele Wetu Ulipoliwa na Ndege

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliowahi viti, asifiwe na mliosimama huko nyuma! Mimi ni Mama Elia, wa hapa hapa Kongwa, na leo namshuhudia Mungu aliyetumia ndege waharibifu kunirudishia mume wangu.

Baba Elia alikuwa askari. Alipelekwa kulinda amani nchi ya jirani, akarudi mzima, tukachinja mbuzi. Lakini aliyerudi alikuwa mwili tu. Ungemkuta asubuhi amekaa mlangoni, vumbi jekundu linapita, jua linapanda taratibu, macho yake yanatazama mahali ambapo mimi sijawahi kufika. Uji unampoa mkononi. Ukimwita anachelewa kuitika, kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka mbali.

Kishindo ndicho kilichokuwa adui yake. Siku moja binti yetu aliangusha mfuniko wa sufuria. Baba yake akamrukia, akamlaza chini, akamfunika kwa mwili wake. Mtoto analia, baba anatetemeka. Alipozinduka akaona amemuumiza bega. Tangu hapo akahamishia mkeka wake zizini. Niliogopa, jamani! Niliogopa siku moja nitampelekea uji nikute mbuzi peke yao.

Nikamwambia twende hospitali ile ya mjini, ile ambayo watu wakiitaja wanazungusha kidole kando ya kichwa. Akawaka!

"Mimi si mwendawazimu, Mama Elia. Mimi ni askari. Na hakuna anayejua."

Hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Aliamini siri yake imeishia uani kwetu. Nilifunga, nikaomba, nikambembeleza, lakini mume wangu mnamjua, ukimsukuma kaskazini yeye anakwenda kusini.

Sasa ndugu zangu, sisi Wagogo uwele ukianza kukomaa hatukai nyumbani. Alfajiri kila mtu yuko shambani kuamia ndege. Unapanda juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, unapiga debe, unachapa mjeledi hewani, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Ukinyamaza kidogo tu wanashuka kama wingu, na njaa umeikaribisha mwenyewe.

Mwaka ule bonde lilikuwa kimya.

Nilidhani naota. Ukungu mwepesi umelala juu ya masuke, wanawake wamesimama kwenye madungu wanapunga kanga polepole, wanaimba kwa sauti ya chini kama wanaobembeleza mtoto mchanga. Hakuna debe, hakuna mjeledi. Na ndege walikuwa wanakula, tena kwa raha zao!

Mume wangu akasimama njiani, akashangaa. Akamwendea jirani yetu Bibi Nyemo, mjane ambaye shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Mbona hampigi madebe? Ndege wanamaliza uwele!"

Bibi hakuacha kupunga kanga yake. "Tunawaona, baba. Lakini debe linakuumiza. Msimu uliopita tulikukuta umelala mtaroni umeziba masikio. Tukasema mwaka huu tuwaimbie tu."

"Nani kasema?"

"Sote, mpaka kule korongoni."

Akakaa chini katikati ya uwele, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Nikakaa naye. Akaniambia, "Nilidhani mimi ndiye ninayewalinda. Bibi huyu atakula nini?" Kisha akasema maneno niliyoyaombea kwa machozi: "Nipeleke hospitali."

Sitawadanganya kwamba alipona siku ile. Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Kuna safari aligoma, akashuka Kibaigwa katikati ya malori ya mahindi. Nikashuka naye. Tukala mahindi ya kuchoma mpaka hasira ikamwisha, tukapanda gari jingine. Dawa alimeza, na yale aliyoyaona kule akaanza kuyasema, kidogo kidogo, kwa watu waliosomea kusikiliza. Mungu anaponya, ndugu zangu, na mganga wa hospitali ni mkono wake!

Mkeka ulirudi ndani. Uwele wa mwaka huu ulipokomaa, bonde likanyamaza tena, watu wanamtazama yeye. Akapanda dungu la Bibi Nyemo, akashika debe. Akapiga. Bonde zima likaitika!

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyerudi mwili tu, usimkatie tamaa. Shuka naye anaposhuka, panda naye anapopanda. Mtumaini Bwana, na jirani zako usiwaone wajinga, wanajua kuliko unavyodhani.

Mtaniuliza, mbona Baba Elia mwenyewe hayupo ibadani? Yuko shambani kwa bibi, ndege hawajui Jumapili. Hebu tunyamaze kidogo, ndugu zangu. Mnasikia hilo debe? Ni yeye.