Kimya cha Mwalimu Thuwaini

Ko! Pete iligonga chuma cha kitanda mara moja, usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 13 Februari 2024, na wote waliokuwa wodini wakanyamaza, kwani hivyo ndivyo Marehemu Mwalimu Thuwaini Amour alivyokuwa akigonga meza darasani anapotaka kusikilizwa, na alichokisema baada ya hapo kitasomwa mwishoni, kama alivyousia.

Marehemu alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 4 Juni 1951, akasoma hapa hapa Unguja, akahitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha Kiingereza hadi alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa somo la kuandika ukimya mfupi katikati ya maneno ya mtu, maana wengi waliandika "he took a rest" kila mhusika anapokawia kujibu, naye akiuliza, "Kwani huyu kaulizwa swali au kapelekwa kulala?" Aliwataka waandike "he paused" pale tu msemaji atakaporudi kumaliza neno lake, na asiyerudi, alisema, huyo kaacha, msimsitiri.

Mwaka 1978 alimuoa Bi Shemsa Khatib, wakajaaliwa watoto watatu, Hamda, binti wa kati, na Amjad.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 2009, msikitini, Marehemu alishikana mkono na Miraji, fundi mafriji wa Michenzani, ili amuozeshe binti wa kati, akaanza, "Nimekuozesha binti yangu," ndipo binamu yake mmoja akanong'ona nyuma, "Ukoo wote huu, mkwe aokotwe Michenzani!" Watu wakacheka chinichini, naye akanyamaza, jina likamkaa kooni, akauachia mkono wa Miraji, akatafuta viatu vyake, akatoka. Ndoa ilifungwa baadaye kwa Kadhi. Marehemu hakuwa na hasira na binti yake, alikuwa na haya, kwanza ya kicheko kile, kisha, kwa miaka mingi zaidi, haya ya kukiogopa, na kadiri alivyoona haya ndivyo jina lilivyozidi kuwa zito, hata akiulizwa wanawe alisema Hamda, akameza mate, akasema Amjad. Miraji akija kila Ijumaa na "Shikamoo, baba," aliitikia "Marahaba" huku akitazama feni.

Figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2022, ngazi za nyumba yake hazikupitisha machela, na Miraji ndiye aliyembeba mgongoni kila siku ya kliniki, Marehemu kauficha uso begani kwake, na siku moja majirani waliwasikia.

"Unaniaibisha, Miraji."

"Kwa lipi, baba?"

"Kwa kuwa hukunitupa."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Malindi waliokuwa wakiondoa vespa zao kichochoroni ili apite, na walimu wenzake ambao hawakukosa kumzuru. Mwalimu, Mola akupe pumziko lenye amani.

Usiku ule, pete ilipogonga, Marehemu alinyoosha mkono wa kulia, Miraji akaushika kama walivyoshikana msikitini, binti wa kati kasimama miguuni pa kitanda, naye Mwalimu akarudi kumaliza neno lake: "Nimekuozesha binti yangu Khawla."