Celestino Draku na Kata Isiyopitwa

Marehemu Celestino Draku alizaliwa Adumi tarehe 4 Machi 1931, kitinda mimba wa mzee Yangi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Vitabu havikumpenda sana, ila kila asubuhi alifika kabla ya kengele, maana alitoka nyumbani mbio.

Mwaka 1952 aliingia jeshini, akawa mwalimu wa mazoezi. Tarehe 18 Agosti 1956 alifunga ndoa na Elena Driwaru, wakajenga Awindiri. Elena hutania kwamba alikubali kwa kuwa asingeweza kumkimbia mtu yule.

Mwaka 1972 alihamishiwa kambi moja upande wa Koboko. Alikuwa amevuka arobaini na bado aliwaacha vijana kilimani. Lakini kila Jumamosi mkubwa wa kambi aliwaketisha watu wake, na kata moja ya kwete, pombe yetu ya mahindi, ikazunguka. Kwetu kata haipitwi: ikikufikia, unakunywa. Anayeipita amesema mwenzake ameweka sumu. Miaka ile, neno kama hilo lilitosha mtu asionekane tena. Baada ya kwete ikaja waragi, pombe kali ya chupa, na baada ya Jumamosi zikaja siku nyingine. Kitambi kikaota, pumzi ikakatika. Na mwalimu anayehema mbele ya vijana wake naye alikuwa na maswali ya kujibu.

Elena alimsihi aache. Akamjibu, "Mama Suzan, mbio iko kazi. Pombe iko amri. Mimi naacha gani?"

Aliamini jasho hutoa pombe, basi kila alfajiri alikimbia amevaa koti zito la jeshi. Inauma kulisema: alikuwa akijimaliza huku akijitibu.

Novemba 1978 alianguka barabarani. Hospitalini Arua daktari alisema ini limechoka na moyo pia. Wenzake wakamletea salamu za mkubwa, pamoja na chupa. Alijiinua kitandani, akaonja, akashukuru.

Aprili 1979, serikali ilipoanguka, mkubwa huyo wa kambi alivuka mpaka bila kuaga. Celestino alipoambiwa, alicheka, akaomba maji. "Leo hakuna mutu ya kuniuliza," alisema. Alifariki Jumamosi, tarehe 12 Mei 1979.

Ameacha mjane, Elena. Watoto, Suzan na Igga. Na kaka yake Yakani, anayewasomea haya. Mjane ana ombi moja: katika matanga haya kata isizunguke. Kila mtu apewe kikombe chake, na atakayetaka maji asiulizwe kwa nini.

Apumzike kwa amani, na asilazimishwe tena.