Ndege Iliyofutwa Upande Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni kiti, punguzeni kelele kidogo, maana mtu tunayemkumbuka leo alikuwa mpole hata kwa sauti. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kwa miaka arobaini na moja alitengeneza meno ya watu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Meno. Ametutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki. Rafu tatu zilijaa vinywa vya plasta, kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Rafu ya nne ilikuwa na kitu kimoja tu: ndege ndogo ya kivita, ya plastiki, isiyofika hata urefu wa rula ya shule. Tumbo la ndege hiyo lina mafuta na masizi upande mmoja. Upande wa pili ni safi kabisa. Wateja waliikodolea macho huku wamejazwa plasta mdomoni, wasiweze kuuliza. Leo tunawajibu.

Baba yake Fundi Meno alikuwa makanika wa ndege za kivita wakati wa vita kuu ya pili. Kurusha ndege hakurusha hata siku moja. Yeye alilala chali chini ya injini, rubani akisubiri. Aliporudi nyumbani alikuwa na ovaroli moja na hadithi elfu. Mzee yule akianza kusimulia, chai inapoa vikombeni.

Halafu, akiwa na miaka sabini na tano, akapatwa na kiharusi. Miguu ilirudi kidogo. Mkono ulirudi. Sauti haikurudi. Daktari alisema koo halina shida. "Maneno anayo," alisema. "Hajapata pa kuanzia." Miezi sita ikapita, mzee kimya, anatazama dirisha.

Ndipo Fundi Meno alipoona boksi la ndege ya kuunganisha kwenye duka la vichezeo. Picha ya juu ilikuwa ya ndege ileile. Ndege ya baba.

Vipande vilikuwa mia moja na ishirini na vinane. Alivikata kwa vifaa vya kazini, akavilainisha kwa msasa wa meno, akavigundisha juu ya meza ya chakula. Mkewe alimvumilia siku tatu. Siku ya nne akasimama na sufuria mkononi. "Baba watoto, hapa tunakula au tunaruka?"

"Niachie kona tu, mama. Kona ndogo."

"Kona ina bawa. Niweke wapi mchuzi?"

Wakala sahani zikiwa magotini wiki mbili. Fundi Meno akapaka kijani na kahawia mgongoni, kijivu tumboni. Rubani wa ukubwa wa punje ya harage alimpaka kwa brashi ya nywele tatu. Mwisho akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake ya kazi: akaipaka vanishi na kuing'arisha kwa mashine ya meno, mpaka ikameta.

Akampelekea baba yake. Mzee akaipokea. Akaigeuza juu chini, kama makanika. Akatazama tumbo la ndege lile lililong'aa. Kisha akaiweka juu ya blanketi, akarudisha uso dirishani.

Fundi Meno alitoka nje akasimama kwenye korido, akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Dada yake mkubwa alimfuata na ndege mkononi. Dada huyu alikuwa dobi, na ndiye aliyetusimulia haya. Aliitazama ile ndege, akashika kiuno. "Mdogo wangu, hii ndege inakwenda vitani au inakwenda kuolewa?"

"Dada, usinicheke."

"Nakucheka sana. Umeipiga mswaki! Baba hajawahi kuona ndege safi. Tangu lini?"

Kesho yake alikuja nyumbani kwa Fundi Meno na mfuko. Ndani yake mlikuwa na ovaroli ya baba, ile ya vita. Dada aliifua tangu ana miaka kumi. Anasema umahiri wake wote wa udobi aliupata kwa kushindwa na ovaroli ile. Madoa yalififia, hayakutoka. Basi karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi ikawekwa kando, ovaroli ikatandazwa mezani.

"Lala chali," dada akaamuru. Fundi Meno, mtu mzima wa miaka hamsini, akalala sakafuni. Dada akamfunika ile ovaroli, akaishika ndege juu ya kifua chake, akaonyesha kwa kidole. "Doa kubwa liko bega hili. Kwa hiyo mafuta yalivuja hapa. Masizi yako kwenye mkono huu. Moshi ulipita huku. Na usitapakaze ovyo! Doa la mafuta lina mwendo wake."

Mkewe akapita na sufuria, akawatazama, akarudi jikoni.

Wakaikwangua ile vanishi. Wakapaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, wakapuliza unga wa mkaa kwa mrija. Mng'arisha meno na mfua nguo, watu wawili walioishi kwa kuondoa uchafu, wakahangaika siku nane kuuweka.

Wakaenda kwa baba. Mzee akaipokea. Akaigeuza juu chini. Akapitisha kidole tumboni mwa ndege, akakitazama. Kidole cheusi.

Uso ukamkunjamana. "Nani kaiacha ndege hivi?"

Fundi Meno akamshika dada yake mkono.

"Nauliza, nani? Rubani anapanda sasa hivi! Lete tambara!"

Dada akachomoa leso yake. Mzee akaanza kufuta, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa nguvu, akigomba. Kazi ya siku nane ikaondoka kwenye leso. Fundi Meno alicheka huku machozi yakimdondoka mpaka kwenye kola. Alipofika nusu, mzee akachoka. "Upande wa pili malizieni nyinyi," akasema, akaomba chai.

Aliishi miaka minne zaidi. Alisimulia, na chai ilipoa.

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Meno hakuumaliza upande wa pili. Wa nyumbani aliyemwuliza mbona upande mmoja tu ni safi alijibiwa, "Huo baba ameshaufanyia kazi."

Kwa mkewe, watoto wake na dada yake, sisi hapa studio tunalia pamoja nanyi, na tunacheka pamoja nanyi. Nanyi mnaotusikia, kama nyumbani kwenu kuna kitu chenye doa, ulizeni ni la nani kabla ya kukifuta.

Jana dada yake alisafisha ile karakana. Alifuta rafu zote nne, kila kinywa cha plasta, kila pembe. Alipofika kwenye ndege, tambara likaizunguka bila kuigusa. "Miaka yangu yote ya udobi," alituambia, "hili ndilo doa pekee nililoliamkia shikamoo."