Mikono Mitatu Isiyotulia

Kompyuta ya Sindano, fundi cherehani, ilikuwa imeharibika, iko chini mbele ya benchi la kahawa kando ya barabara, kati ya miguu yake, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Fundi Waya, ambaye redio mbovu zimemlisha tangu ujanani na ambaye hasira zake mtaa mzima unazijua, aliitamani kazi ya kuitengeneza kuliko kahawa iliyokuwa mkononi. Lakini Sindano alikuwa ameweka sharti: nieleze kwanza kilichomo, ama mke wangu anaipeleka dukani mjini.

— Mimi nadhani ni uzi, alisema Sindano. Uzi mwembamba, umefumwa hauonekani.

— Uzi wapi, akadakia Gia, dereva mstaafu. Mle mna gia, ndogo kama chembe za chumvi. Zikizunguka zinachemka, ndiyo maana wameweka feni.

— Na dereva wake? aliuliza Sindano.

— Yumo. Kajikunja tu.

Fundi Waya aliweka kikombe chini. Kingebaki mkononi angemmwagia mtu.

— Gia hakuna. Uzi hakuna. Mna transista, mabilioni. Kila moja ni swichi, ila haibonyezwi kwa kidole. Umeme kidogo kutoka kwa mwenzake ndio unaiwasha na kuizima. Basi.

— Swichi itajuaje hesabu, wewe? aliuliza Gia.

— Haijui. Inapangwa. Sindano, mtazame Gia. Akiinua mkono, shusha wako. Akishusha, inua. Gia, nawe mfanyie hivyo hivyo.

Sindano akainua, Gia akashusha. Wakaganda hapo.

— Halafu?

— Halafu mmekumbuka. Mkono ulio juu unabaki juu mpaka mtu awavuruge. Ndivyo kompyuta inavyoweka jambo kichwani.

— Kumbe mimi ni kumbukumbu, alisema Sindano, na bega linaniuma.

Alikuwa ameanza kulainika. Fundi Waya alimwona, akanogewa, na hapo ndipo alipotibua mambo.

— Naingia na mimi. Wewe mtazame Gia, Gia anitazame mimi, mimi nakutazama wewe. Sheria ile ile.

Mkono mmoja ukapanda, wa pili ukashuka, wa tatu ukapanda, wa kwanza ukalazimika kushuka. Ikawa mzunguko usio na mwisho.

— Gia, unakosea.

— Nakosea nini? Umeshusha, nimeinua.

— Basi ni Sindano.

— Nafuata sheria yako, bwana.

Tusi lilishafika mdomoni, Fundi Waya akalimeza. Hakuna aliyekosea. Watatu hawawezi kutulia, hata wangetaka.

— Jamani, msiache, alisema, sauti imepoa. Haya ni mapigo. Mle ndani lazima pawe na kitu kinachopiga hivi, juu, chini, ili swichi zote ziende hatua moja. Tumekiunda bila kutaka.

Kahawa ikapoa. Mke wa Sindano akaja kuchukua kompyuta, akawakuta watu wazima watatu wakipandisha na kushusha mikono mbele ya barabara tupu.

— Karibu, shemeji, alisema Fundi Waya bila kusimamisha mkono.

— Asante. Mnamuaga nani?

Mikono iliendelea. Sindano tu, bila kuondoa macho kwa Gia, aliisukuma kompyuta kwa mguu, taratibu, mpaka ikagusa kiatu cha Fundi Waya.